Kompyuta namba 3

Steshenari yangu iko Morogoro, sio mbali na stendi ya Msamvu. Nina kompyuta 6 za wateja, printa 2, mashine ya kopi, lamineti, na picha za paspoti tunapiga hapo hapo. Kwa miaka yote mi nilikuwa najua kazi yangu ni kuhakikisha umeme upo, bando lipo na wino haujaisha, haya mambo ya kuki, yaani vikumbukumbu ambavyo tovuti inaviacha kwenye brauza (programu ya kufungulia tovuti), nilikuwa nayaona tu pale tovuti inapoleta kile kibao cha "kubali zote", basi nakubali haraka haraka ili mteja aendelee na shida yake. Leo nataka niandike jinsi kuki zilivyoniingiza kwenye ugomvi wa mama na binti yake, na sehemu niliyokosea mimi mwenyewe, maana nilikosea na nimeibeba moyoni muda mrefu.

Ilikuwa mwezi wa 10 mwaka 2023. Kipindi hicho steshenari zote zinajaa, vijana waliomaliza kidato cha sita wanahangaika na maombi ya vyuo na mkopo, kuna wa kuskani cheti cha kuzaliwa, kuna wa kutafuta wadhamini, foleni mpaka nje. Asubuhi akaja binti mmoja, mpole, akakaa kompyuta namba 3 kama saa moja na nusu hivi, akamaliza mambo yake, akalipa akaondoka. Saa 8 mchana akaja mama yake kuprinti barua ya kikundi chao cha vikoba. Mashine iliyokuwa wazi ni hiyo hiyo namba 3, nikamwambia mama kaa hapo kwanza printa ipo na kazi ya mtu, akawa anasoma habari kwenye tovuti ya gazeti.

Baada ya dakika kama kumi nikaona amekaa kimya mno. Nikamsogelea. Pembeni ya ile habari kulikuwa na tangazo la vipimo vya mimba, akishuka chini linakuja la maziwa ya wajawazito, akifungua habari nyingine linakuja la nguo za watoto wachanga. Akaniuliza taratibu tu, "Dada, mwanangu si alikuwa hapa asubuhi?" Mi bila hata kufikiria nikamjibu, "Ndiyo mama, alikaa hapo hapo ulipokaa."

Hapo ndo kosa langu lilipo. Mama akachukua barua yake, akalipa, hakuchukua hata chenji.

Jioni nafunga, binti akaja analia. Mama yake alimpeleka zahanati akapimwe, mbele ya watu wanaowafahamu, na kipimo kikatoka hana kitu chochote. Lakini maneno alishaambiwa, na yale ukishaambiwa na mama yako hayafutiki kwa kipimo. Akaniuliza, "Dada, ulimwambia nini mama?" Nikakosa cha kumjibu, maana nilichomwambia mama kilikuwa kweli tupu, alikaa pale asubuhi, ila kweli yangu na yale matangazo vikiwekwa pamoja vikatoa uongo.

Usiku sikulala vizuri. Nikaanza kukumbuka nani na nani walikaa namba 3 wiki ile, ndo nikamkumbuka mwanafunzi mmoja wa uuguzi, siku mbili kabla alishinda pale kutwa nzima anaandaa kazi ya chuo kuhusu mahudhurio ya kliniki kwa wajawazito, nakumbuka kwa sababu nilimprintia kurasa 28 nikambandikia na kava. Yaani matangazo yote yale yalikuwa ya yule, wala sio ya binti, wala hata yule mwanafunzi hakuwa mjamzito, alikuwa anasoma tu!

Kesho yake nikampigia mtoto wa dada yangu, kasoma kompyuta, nikamwambia njoo unioneshe hii mashine ina nini, labda ina virusi. Akaja, akakaa, akabonyeza kitufe cha F12, akafungua sehemu yenye orodha ya kuki. "Mama mdogo, hii sio virusi, hii ni kumbukumbu." Akawa anashusha orodha, inashuka tu, majina ya kampuni ambazo mi sijawahi kuzisikia na hakuna mteja wangu hata mmoja aliyewahi kuzifungua. Nilimuuliza sasa hizi zimeingiaje kama hakuna mtu alizifungua, ndo akaanza kunielewesha, na baadaye mi mwenyewe nikaendelea kusoma usiku usiku mpaka nikaelewa.

Kwa jinsi nilivyoelewa, tovuti haina kumbukumbu. Ukifungua ukurasa mmoja halafu ukafungua wa pili, seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti, inakuona kama mtu mpya kabisa. Mwaka 1994 kijana mmoja Mmarekani anaitwa Lou Montulli, alikuwa anafanya kazi kampuni ya Netscape waliotengeneza brauza ya zamani hizo, akatafuta njia ya kufanya duka la mtandaoni likumbuke mteja ameweka nini kwenye kikapu. Akatengeneza kuki, ambayo ni kiandishi kifupi tu, seva inaipa brauza yako, brauza inaitunza, na kila ukirudi inaionesha. Haizidi kama herufi elfu nne na kitu. Haina picha yako, haina sauti yako, mara nyingi hata jina lako haina, ni namba tu.

Njia rahisi niliyoipata ya kuielezea ni kadi ya kliniki. Ukienda hospitali unapewa kadi yenye namba ya faili, faili lenyewe linabaki kwao, wewe unatembea na kadi. Ukirudi unatoa kadi, wanatafuta faili, wanajua historia yako. Kuki ndo ile kadi. Na bila hiyo kadi usingeweza kuingia kwenye akaunti yako ya barua pepe ukahama ukurasa bila kuulizwa paswadi upya, kwa hiyo mi sizichukii kuki, bila hizo kazi yangu ingesimama.

Shida ilianza pale tovuti ya gazeti inapoweka tangazo ambalo halitoki kwao, linatoka kwenye seva ya kampuni nyingine ya matangazo. Brauza yako ikienda kulichukua lile tangazo, ile kampuni nayo inakupa kadi yake. Ukienda tovuti ya afya, ile ile kampuni ipo. Ukienda tovuti ya nguo, ipo. Kote inaona kadi yake mwenyewe na inaandika kwenye faili lake, huyu jana alikuwa anasoma dalili za mimba changa, leo anasoma habari za siasa. Montulli na wenzake walitaka kuki isomwe na yule tu aliyeitoa, na kweli ndo inavyofanya kazi mpaka leo, ila aliyeitoa kama amejipenyeza kwenye tovuti elfu kumi basi anakuona kote huko. Brauza ya Safari, ile ya Apple, walizifunga kabisa hizi kuki za wengine mwaka 2020, brauza ya Firefox walianza kuzizuia mwaka mmoja kabla, Google wao walitangaza mwaka 2020 kwamba wataziondoa kwenye brauza yao ya Chrome, wakasogeza mbele, wakasogeza tena, na Julai 2024 wakasema hawaziondoi. Na kompyuta zangu zote 6 zilikuwa na Chrome.

Kuna kitu kimoja mtoto wa dada alinionesha kilinishtua kuliko vyote. Kwenye ile tovuti ya gazeti kulikuwa na kuki ya kuhesabia wageni, imeandikwa GA1.1 halafu nukta, namba ndefu, nukta, namba nyingine ndefu inayoanza na 1690000. Akaniambia hiyo namba ya mwisho ni sekunde, zinahesabiwa kuanzia 1 Januari 1970, ngoja nikugeuzie. Akageuza, ikatoka Jumamosi 22 Julai 2023, saa 1:40 asubuhi. Huo ndo muda nakuwa nimetoka kufungua duka, nafuta meza! Yaani hiyo ndo mara ya kwanza brauza ya namba 3 kufungua ile tovuti, na tangu siku hiyo kila aliyekaa pale akaifungua alihesabiwa kuwa ni mgeni yule yule mmoja anayerudi rudi. Kwa siku wanakaa namba 3 watu kama 10 au 12. Piga hesabu miezi mitatu. Mzee wa kustaafu anayefuatilia mafao, kijana wa bodaboda anayeangalia matokeo ya mpira, mwanafunzi wa uuguzi, binti wa mkopo, mama wa vikoba, wote hao kwa wale watu wa matangazo ni mtu mmoja, anaumwa presha, anashabikia mpira, ana mimba na anaomba mkopo wa chuo.

Hawa waliotengeneza hivi vitu naona walikuwa na picha ya mtu mmoja na kompyuta yake. Kwetu sio hivyo. Kwetu kompyuta moja ni ya mtaa mzima, na hata simu, nyumba ngapi simu ya mama ndo ya watoto wote kusomea? Kuki inaijua brauza, haimjui mtu, na sisi tukikaa mbele ya kioo tunaona tangazo tunadhani linamsema mtu. Linaisema mashine tu.

Nilienda nyumbani kwa yule mama. Sikwenda mikono mitupu, nilibeba sukari, nikapiga hodi, shikamoo mama, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, mfano wa kadi ya kliniki aliuelewa papo hapo. Akauliza, "Kwa hiyo ni nani huyo alikuwa anaangalia mambo ya mimba?" Hapo sasa. Kumtaja yule mwanafunzi ingenirahisishia sana, mama angeamini moja kwa moja, na binti angesafishika. Lakini nilishasema ya mtu mara moja na matokeo yake niliyaona. Nikamwambia mama naomba unisamehe, hilo sikwambii, kama ambavyo siku ile sikutakiwa kukwambia kuhusu mwanao, ila nakuapia sio yeye. Akakaa kimya, akasema neno ambalo silisahau: "Sasa hiyo kadi ya mtu mwingine, kwa nini wewe ukanikabidhi mimi?"

Hilo swali ndo lilinirudisha dukani kufanya kazi. Nilizipitia kompyuta zote, nikaweka brauza ifute kuki zote kila inapofungwa, na nikazuia kuki za kampuni za nje. Kila mteja akinyanyuka mi au msaidizi wangu tunaifunga brauza na kuifungua upya kabla mwingine hajakaa. Kwa wanaotaka haraka tunawafungulia dirisha la inkognito, lakini nalo nawaambia wazi, linafuta kwenye mashine hii tu ukishalifunga, tovuti uliyoitembelea imekuona vilevile. Watu wengi wanadhani inkognito inawaficha kabisa. Marekani kuna kesi ilifunguliwa mwaka 2020 juu ya hilo hilo, na mwaka 2024 Google wakakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu walizokusanya kwa watu waliodhani wamejificha humo.

Wateja walilalamika, nisidanganye. Kuna wanafunzi walikuwa wanakuja kila siku wanakuta barua pepe zao ziko wazi wanaendelea, sasa kila siku wanaulizwa paswadi, wameisahau, na wakiingia mfumo unaona ni mashine mpya unatuma namba ya siri kwenye simu, na simu aliyoandikisha ni ya baba yake aliyeko Kilosa shambani hana mtandao. Nilipoteza wateja kadhaa kwa hilo. Lakini nikikumbuka kwamba kabla ya hapo kijana mmoja aliwahi kukaa akakuta akaunti ya maombi ya mwenzake imeachwa wazi, jina, namba ya mtihani, kila kitu, na tungechelewa kidogo angeibadilisha akidhani ni ya kwake, naona bora hivyo. Hiyo nayo ilikuwa kuki, ile ya kukumbuka kwamba umeshaingia. Ukitoka kwa kufunga tu dirisha bila kubonyeza toka, kuki inabaki, na anayekaa baada yako ndo wewe.

Na nilipokuwa najisifu nimemaliza kuki, mtoto wa dada akafungua folda ya vitu vilivyopakuliwa. Jamani. Vyeti vya kuzaliwa, vya kidato cha nne, picha za paspoti, mikataba ya nyumba, barua za talaka, majibu ya vipimo vya hospitali, ya mwaka 2021 mpaka siku ile, kila mtu anaweza kufungua. Kuki hata usipoifuta ina namba tu, hizi zilikuwa na majina na sura za watu. Ukiniuliza mwenye steshenari aanze wapi nitamwambia aanze hapo kwenye folda, kuki zifuate. Sasa hivi inafutwa kila jioni, pamoja na zile faili za kwenye mashine ya kuskani, maana nayo inatunza nakala, watu hawajui.

Mwaka 2024 nikaamua kuwa na tovuti ya duka, mteja aone bei, atume faili lake kabla hajafika. Nikamlipa fundi, akaitengeneza ikapendeza. Siku imekamilika nikakaa mwenyewe namba 3, nikafuta kila kitu, nikaifungua tovuti yangu, nikabonyeza F12. Kuki 11! Na mimi niliyohitaji ni 1 tu, ya kumkumbuka mteja wakati anatuma faili. Zilizobaki zilikuja na video ya matangazo aliyoibandika, ramani, vitufe vya mitandao ya kijamii, kidude cha kuchati na kihesabio cha wageni. Nikaona kumbe sasa mi ndo nagawa zile kadi, tena kwa niaba ya watu wasiojulikana, mteja anakuja kuangalia bei ya kulamineti tu anaondoka na kadi kumi za wengine.

Tukaziondoa moja moja. Video nikaweka picha na linki, anayetaka aende mwenyewe. Ramani nikaandika maelezo kwa maneno, shuka Msamvu, fuata upande wa nyumba za kulala wageni, uliza steshenari yenye bati la bluu, na watu wanafika. Vitufe nikatoa. Fundi alininunia kidogo, akasema sasa utajuaje wageni wangapi wanaingia? Nikamwambia seva inaandika.

Na kweli inaandika, hata bila kuki yoyote. Kila anayefungua ukurasa seva inaandika mstari mmoja, namba ya IP (ni kama anwani ya kifaa kwenye mtandao), saa, ukurasa gani, aina ya simu na brauza, na mara nyingine alikotokea. Nilikaa nikaisoma ile mistari wiki nzima kwa makini. Cha ajabu karibu wote wanaonekana wako Dar es Salaam, wakati nawajua wateja wangu ni wa Kihonda na Mazimbu, hapa hapa Morogoro, wengine wananipigia simu dakika ile ile. Sababu ni kwamba mitandao ya simu inawapitisha watu wengi kwenye namba moja ya IP, na hiyo namba imesajiliwa Dar. Kwa hiyo ukiona mtu anajisifu kwamba tovuti yake inamjua mteja yuko mtaa gani, muulize kwanza amejuaje. Lakini hata hivyo ile namba ikiunganishwa na saa na aina ya simu bado inaweza kumgusa mtu, ndo maana mi naitunza siku 14 tu halafu inafutika yenyewe, muda wa kutosha kujua kama kuna mtu anajaribu kuivunja tovuti. Faili za wateja zinafutwa siku hiyo hiyo zikishaprintiwa.

Sheria nayo ipo, wenzangu wengi wa steshenari hawajui. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, ikaanza kutumika 1 Mei 2023, na kuna Tume kabisa, anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili. Yaani kosa langu nililifanya sheria ikiwa na miezi mitano. Kenya wao wanayo tangu 2019. Vile vibao vya "kubali zote" tunavyoviona vilienea kwa sababu ya sheria za Ulaya, hasa ile iliyoanza Mei 2018, na mwaka 2019 mahakama yao ya juu ikasema kibao ambacho wamekuwekea tiki tayari hakihesabiki kuwa umekubali. Mi kwangu sina kibao, sina cha kumwombea mtu ruhusa, nina ukurasa mfupi wa Kiswahili unaosema natunza nini, siku ngapi, na namba ya kunipigia ukitaka vyako vifutwe. Walionipigia mpaka sasa ni wawili.

Na mdomo nao niliuwekea utaratibu. Msaidizi wangu nilimwambia siku ya kwanza kazini, mtu akiuliza fulani alikuja, mume akimuulizia mke wake, mama akimuulizia mwanae, jibu ni moja, wateja ni wengi hatukumbuki. Akashangaa, "Hata kama namkumbuka?" Hata kama.

Yule binti alipata chuo. Likizo ya mwaka uliofuata alirudi, akaja kuprinti ripoti ya mafunzo kwa vitendo, tukasalimiana vizuri, akaniambia mama anakusalimia. Namba 5 ilikuwa wazi, namba 3 pia. Akaenda namba 3. Kabla hajavuta kiti aliinama akafungua mipangilio ya brauza, akafuta kila kitu mwenyewe, akasubiri mpaka ikamaliza, ndo akakaa.